Miguu Kivulini

Udongo niliununua kwa gunia,
kama wengine wanunuavyo makala.
Paluku aliubeba kwa chukudu kutoka upande wa Sake,
magunia matatu; la nne lilipasuka Mugunga
na barabara ikalinywa.
"Mama Sifa," akasema, akijipangusa shingo, "mahindi?"
Hapana.
"Maharage basi."
Nikamwonyesha kopo la maziwa ya unga,
ndani yake kikonyo kikavu kama njiti ya kiberiti,
vifundo viwili, jani hakuna.
Alicheka mpaka akaegemea mpini wa chukudu.

Alinipa Kahindo, aliyeshuka kutoka Masisi
na kopo hilo mkononi na godoro kichwani.
Jina la mmea hakulijua. Alisema tu:
kule juu penye ukungu hupanda miti ya watu,
hutoa maua meupe, kisha manyoya,
na hutaka vitu viwili visivyolala chumba kimoja:
kichwa juani,
miguu kivulini.

Kichwa juani, sawa.
Lakini kivuli, kwenye lupango hili jeusi, nikitoe wapi?
Tumejenga juu ya moto uliolala.
Chini ya jiko langu kuna jiko la mama,
na sufuria yake, labda, na kifuniko chake,
mita mbili ndani ya jiwe.
Ukiligonga, nyundo inaruka.
Mvua haikai hapa; inapita
kama mgeni aliyekosea mlango.

Septemba, wingu la kwanza likashuka toka mlimani.
Nikaazima mtaimbo.
Siku mbili, kwa shimo lenye kina cha mkono hadi kwapa.
Cheche ziliruka. Sifa akauliza
kama nawasha tena.
Nikamimina udongo wa Sake,
laini, na mnyoo mmoja ndani yake
aliyesafiri bila kulipa.
Nikavifukia vifundo vyote viwili, kama nilivyoagizwa,
kwa sababu cha juu mbuzi atakila,
na kilichozikwa kitaanza upya.

Mchana, jua likiwa utosini,
niliokota kipande cha lile jiwe nililolivunja.
Mgongo wake ulichoma.
Tumbo lake lilikuwa baridi,
baridi kama sakafu ya mtungi.
Jiwe lile lile! Lililokuja usiku likitembea,
jekundu, bila haraka,
likameza barabara, cherehani, jiko,
mti wa maparachichi tuliokuwa tukiugombea na majirani.
Nikayapanga mawe yale kuzunguka shina,
moja moja, tumbo chini.
Sikuyaambia neno. Hatujasameheana.
Lakini kazi waliyopewa waliifanya.

Wiki ya tatu, kitu chekundu kama ulimi wa paka.
Kisha jani, na jani halina mkono,
lina shingo tu, na kwa shingo hiyo hushika:
uzi wa kitenge, msumari wa bao,
kamba ya nguo ya Mama Kavugho
(tulizozana, akaiacha).
Nilijaribu kuupa kidole changu.
Ulitaka usiku kucha, nami nilikuwa na ndizi za kukaanga.

Mwaka wa pili niliukata karibu na mawe,
na mtaa mzima ukasema nimechanganyikiwa.
Mwaka wa tatu Paluku alipita, akasimamisha chukudu
katikati ya njia, pikipiki zikimpigia honi.
Ukuta wa mabao haukuonekana.
Meupe, meupe, nyuki ndani yake,
na mmea wenyewe hauliwi, hauuzwi.
"Nikatie kidogo," akasema, akitazama pembeni.
Kopo alikuwa nalo tayari, chini ya koti.

Sasa ni msimu wa manyoya.
Usiku mlima ukiwaka, yanageuka waridi,
nami hukaa mlangoni na kupiga hesabu:
magunia matatu, miaka minne.
Udongo ule umekwisha zamani.
Bado unapanda.
Basi mizizi imepata ufa mahali.
Nakifikiria kile kifuniko.
Huenda imeshabisha hodi.