Kushika Viatu

Kivuko kilitutema Lutoboka saa nane mchana,
yeye na chupa tatu za maji begani,
mimi na Biblia ya mfukoni, ya mazoea.
Kiswahili chake alikisomea Morogoro, kina "samahani" kila hatua.
Changu ni cha kambini, cha "haya, twende!"
Tukaelewana hivyo hivyo, watu wawili
wenye lugha ya kuazima.

Tulipita michikichi ya kampuni, mistari ya gwaride,
mpaka msitu ukagoma kupangwa.
"Kisiwani kwetu," akasema Hisako,
"kabla ya hekalu kuna lango jekundu lisilo na ukuta.
Mtu angeweza kulizunguka.
Hakuna anayelizunguka."
Nikamwonyesha mituba miwili iliyochunwa magome,
imefungwa majani ya migomba kama majeruhi.
"Basi lango letu ni hili," nikasema.
Sikuwa na hakika. Nilisema tu.

Nnaalongo Nakayiza, mtunzaji, alikuwa akimenya muhogo.
Hakuuliza dini.
Aliuliza nani atavua viatu.

Hisako alivua, akavipanga, ncha zikitazama tulikotoka.
Akaomba maji. Akanawa mkono wa kushoto, wa kulia,
akasukutua kinywa.
Akainama mara mbili, akapiga makofi mawili.
Ndani, kati ya nyasi na nguo za magome,
moto mdogo uliendelea na shughuli zake.
Nnaalongo akaweka kisu chini.
Naye akapiga makofi, taratibu,
kama bibi yangu alivyopiga
kabla hatujafundishwa kumwonea haya.

"Nawe ingia," akaniambia kwa Kiganda.
Nikasema goti linauma.
Ilikuwa kweli, ila haikuwa sababu.

Nikabaki mlangoni na viatu mkononi
ambavyo hakuna aliyeniomba nivishike,
vidogo, vizito kwa tope la kwetu.
Nikasikia sarafu ikigonga kikapu, kisha punje za kahawa,
kisha kimya
nisichotakiwa kukitafsiri.

Tukirudi akaniuliza jina la mwenye kisiwa.
Nalijua. Nalijua tangu nikiwa na miaka minne,
bibi akilinong'ona juu ya ndoo
kila dhoruba ilipopanda kutoka ziwani.
"Muulize Nnaalongo kesho," nikamjibu.

Usiku, nyumba ya wageni ilipozima jenereta,
nilinawa mkono wa kushoto, halafu wa kulia.
Maji yalinuka ziwa.
Kisha nikapapasa taulo gizani
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.