Mji Unaoanzia Magotini

Nilikuwa na mpango. Niliuandika nyuma ya tiketi ya boti,
gati ya Wete bado inaonekana:
kwanza Forodhani, kisha milango ya Hurumzi,
mwisho lile dirisha la ghorofa ya pili
nilipokuwa nikisomea mtihani kwa taa ya jirani,
umeme wetu umekatwa.
Nilitaka waone.
Nilitaka waseme: kumbe mama nawe ulikuwa na mji.

Ruzuna ana miaka sita na maswali sabini.
Faki ana minne, na kiatu kimoja kisichokubali mguu.
Mbarouk yuko mgongoni; kazi yake kulala
na kuamka pale tu ninapotaka kukaa.

Tulitoka Mkunazini saa mbili,
chai ya wifi Zeyana ingali moto kifuani.
Hatukufika hata kwenye kona.
Palikuwa na paka.

Paka wa kijivu, sikio nusu,
kalala juu ya kiti cha vespa kama mwenye vespa.
Faki akachuchumaa. "Anamngoja nani?"
Anangoja samaki, nikasema, tuondoke.
"Samaki anakuja saa ngapi?"
Akapita hamali na gunia la vitunguu, "Njia! Njia jamani!"
akapita mgeni na kamera, wakapita wanachuo na juzuu zao,
mji mzima ukatupita ubavuni
nasi tumekaa kitako
kama watu waliovuka bahari kuja kumzuru paka.

Hurumzi nikanyanyua kidole: Tazameni!
Maua yale yamechongwa kwa mkono. Ile misumari ni shaba.
Ruzuna akatazama chini.
"Mama, sisimizi wana mlango wao."
Nikainama ili nimkanye,
na huko chini kabisa, kwenye mguu wa fremu,
nikamwona samaki. Wa mti. Magamba moja moja,
fundi hakumpunja hata mkia.
Miaka minne nilipita hapa na madaftari kichwani,
sikuwahi kumwona.
Faki akamshika pua. "Ndiye huyu," akasema,
"samaki wa yule paka."

Darajani nilikuwa nachagua shokishoki.
Muuzaji ananipa chenji, nami nahesabu, si pesa:
mmoja mgongoni,
mmoja mkononi,

mmoja

Moyo ulitoka ukanitangulia mbio.
Niliita jina lake mpaka likawa si jina, likawa kelele tu
kati ya honi na bei za ndizi.
Ruzuna ananivuta kanga: "Mama, mimi najua."
Nyamaza, mwanangu. "Mama, mimi najua!"

Vespa haikuwapo. Paka alikuwapo, kahamia barazani,
na pembeni yake Faki, mguu mmoja peku,
kachori mkononi, anamnong'oneza:
ukifika kwenye mlango mkubwa, inama.
Muuza kachori alinitazama jasho langu, buibui langu upande.
"Mtoto hakupotea, bibi," akasema.
"Ulopotea wewe."
Hakutaka kulipwa.
Nilikaa. Mbarouk akaamka.

Forodhani hatukwenda.
Usiku, katika kutafuta kiatu kwa tochi ya simu,
tulipinda uchochoro nisioukusudia, nikasimama.
Lile pale, nikasema. Dirisha langu.
Siku hizi ni nyumba ya wageni; kiyoyozi kinadondosha maji
tone, tone, hasa pale nilipokuwa nikianika sare ya skuli.
Ruzuna akalitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
"Ulikuwa unafika?" akauliza.
Kufika wapi?
"Kwenye kioo. Ulikuwa unafika, au ulikuwa unapanda kiti?"

Nilikuwa napanda kiti.
Nilikuwa nimesahau kile kiti.

Sasa wamelala wote watatu kitanda kimoja, miguu kila upande.
Kiatu hakikupatikana.
Boti ni saa moja asubuhi, na Faki, kabla hajafumba macho,
kaniuliza kama paka hukatiwa tiketi.
Nilijifanya nimelala.