Gari Lenye Kitanda

Wanaliita beseni.
Wengine, jeneza la mtu mnene.
Kijana wa mlangoni, anayekata tiketi,
alimuuliza kaka yangu: "Mzee, mbele yake ni wapi?"
Wendell akacheka, akalipa dola zake ishirini,
akaingia na Nash ya mwaka hamsini
iliyovaa gauni hadi vifundoni,
magurudumu ya mbele yamefichwa
kama miguu ya bi harusi wa zamani.

Hapa palikuwa uwanja wa ndege za vita.
Sasa mahindi ya Wisconsin yamepakaba pande zote
na lami iliyobaki ni robo maili ya kukimbia,
pamoja na kipande cha kujutia.
Jumamosi watu huja na viti vya kukunja,
soseji, barafu, watoto wenye pamba masikioni.
Huja na Mustangi, na Kamaro, magari yenye sura ya ngumi.
La kwetu lina sura ya mkate.

Baba alilinunua Kenosha, kiwandani
alikokaza skrubu za milango miaka thelathini na mmoja.
Kazimierz Jankowiak: kimo kifupi, maneno mafupi.
Viti vya Nash hulala ukivuta komeo,
vikawa kitanda cha watu wawili.
Mwaka wa mgomo alilala humo wiki tano
ng'ambo ya lango la kazi,
mama akimpelekea supu ya kabichi ndani ya chupa ya chai.
Mimi nilizaliwa miezi tisa baadaye.
Hesabu mwenyewe.

Wendell aling'oa vyote.
Viti, zulia, redio, vitasa vya ndani.
Akachomelea mabomba ya chuma kama mbavu za ng'ombe,
akapachika injini ya silinda nane kutoka lori la zimamoto.
"Hii," alisema, "haijawahi kuchelewa."
Misimu miwili ya theluji gerejini, vidole vimepasuka,
mkewe Arlys akisoma bili kwa sauti.
Lakini gauni hakulikata.
Dewey Thorsgaard, fundi wetu, alimsihi: kata bwana, tairi zipumue.
"Huwezi kumvua mama yako mbele za watu,"
akajibu, akaendelea kupiga msasa.

Taa za njano zikashuka. Moja. Moja. Moja.
Kijani.
Sijui niseme nini juu ya sauti ile.
Si radi. Radi hutoka juu.
Ile hupanda kutoka kwenye nyayo, hupita magotini,
hutafuta jino lako bovu.
Beseni likanyanyua pua,
gauni likapepea, naapa, bati lilipepea,
na Kamaro nyekundu ya njia ya kushoto
ikawa inatazama mgongo mpana wa bibi kizee
hadi futi mia saba, mia nane,
halafu pakalia kitu kama mfupa.

Ekseli.
Moshi mweupe. Kamaro ikapita, ikashinda.
Hakuna aliyeitazama.

Tulilisukuma kurudi, mimi na Dewey,
na yule kijana wa tiketi, aliyeacha meza yake bila kuitwa.
Ndipo nikasikia: kli, kli, kli.
Sakafuni, upande wa abiria,
bawaba moja ya kitanda,
imekazwa kwa boliti mpya.

"Ratili mbili nzima," nikamwambia. "Inakupunguzia mwendo."

"Najua," akasema Wendell,
akaingia chini ya gari, miguu ikabaki nje.