Daftari la Makopo Meusi

Huku Chamwino maji hayamwagwi hivihivi.
Mtoto akinawa, beseni linangojwa na ua;
ua likinywa, kuku anangoja tope.
Ndiyo maana niliposikia mbu wanazaliana shuleni
nilicheka. Mbu gani, nikauliza,
na vumbi hili?

Jumatano, saa nne, kengele ya uji.
Nyemo Chedego wa darasa la sita
anapita na upawa, sahani nyeupe na daftari,
viatu vya kakaye vikimtangulia.
Anazungukia makopo meusi tuliyoyaficha kivulini:
moja nyuma ya jiko, moja kando ya choo cha walimu,
moja chini ya dirisha langu.
Maji kidogo, kipande cha kitambaa,
na kwenye kitambaa vidoa, kama chenga za mkaa.
Anahesabu midomo ikitembea. Anaandika:
Kopo la pili, mayai kumi na tisa.
Kopo la tano, hakuna. Mbuzi amekunywa maji.
Nilisahihisha mwandiko. Mbuzi nikamwacha.

Mbu mwenyewe nilimwona mchana kweupe,
katikati ya sehemu na desimali,
ametua mkononi mwangu penye chaki:
mweusi, miguu ina mistari myeupe
kama mtoto aliyevaa soksi za michezo.
Huyu hangoji usiku. Chandarua anakiacha nyumbani,
anakuja shule, anawahi namba.

Dawati la Lechipya lina pengo wiki ya pili.
Zahanati walimpima malaria, hakuna,
wakampa vidonge, akarudi amejikunja.
Muuguzi, mtu wa Pangani,
akautaja ugonjwa kwa jina la kwao: kidinga popo.
Nikadhani ni ngoma,
mpaka nilipomwona mtoto
akishika ukuta kwenda msalani.

Leo Nyemo hakuishia kwenye makopo.
Alikwenda bustanini, kwenye matairi yangu.
Nasema yangu: niliyalaza mimi, nikayapaka rangi,
kijani, njano, bluu,
wilaya ikatupa cheti cha mazingira safi.
Kimo ofisini, ndani ya kioo.
Akachota kwenye tairi la njano,
akamimina sahanini, akaniletea kimya.
Viluwiluwi vikajikunja, vikajikunjua,
alama za mkato zisizo na sentensi.

"Niandike, mwalimu?"

Unajua kilichonikaa rohoni?
Mayai yale hukauka miezi, na hayafi.
Yamejibana ukutani mwa pipa
kama uwele ulio ghalani,
yanasubiri wingu la Desemba
vilevile alivyolisubiri baba.
Nchi hii imetufundisha sote kungoja,
na sote tunaishi kwa maji yaliyofichwa.

Andika, nikamwambia. Hesabu mpaka la mwisho.
Hamsini na mbili.
Kwenye safu ya mwenye chombo
akaniuliza jina langu linaandikwaje.

Kisha tukaliinua lile tairi, yeye huku, mimi kule,
tukalimwaga juani.
Mchanga ukameza mara moja, haukuuliza kitu.
Nami, Mungu anisamehe,
nilisimama pale nikiyaonea uchungu maji.