Gramu Mia Tatu na Arobaini

Niliyapima magurudumu ya zamani kwenye mizani ya maabara,
shule imefungwa, mlinzi Odundo kanishikia taa,
nikaandika jibu ubaoni kwa chaki.
Kisha nikayapima mapya, aliyoniletea Rading' wa Kibuye
ndani ya gunia la sukari,
mali ya daktari aliyehamishiwa Eldoret, goti limemgomea.
Tofauti: gramu mia tatu na arobaini.
Uzito wa ngege mmoja, tena mdogo.

Akeyo hakupiga kelele. Aliuliza tu:
"Ngege wa elfu thelathini na nane
anakaangwa kwa mafuta gani?"

Sikumwambia kuhusu gia ya nyuma, meno thelathini na mawili,
niliyoinunua kwa ajili ya mlima wa Riat,
wala tairi nene kidogo, maana lami yetu haipendi wembamba,
wala kile kioo cha ukubwa wa kiberiti juu ya usukani
kinachoujua moyo wangu kuliko mimi.

Jumapili, Mamboleo, kabla ya jua.
Watu mia tatu, mguu mmoja chini:
wauguzi, makarani wa kiwanda cha miwa,
vijana wa Kondele waliovaa kofia za kuazima,
padri mmoja na soksi zake za zambarau.
Viatu vikaanza kuuma pedali, ta, ta, ta-ta,
mvua ya kwanza juu ya mabati.

Kundi lina sarufi yake.
Kiganja chini: punguza.
Vidole vikichezacheza: changarawe.
Na neno likitoka mbele halikai kwa mtu,
shimo! shimo, shimo,
linapita mdomo hadi mdomo hadi kwa yule wa mwisho
asiyeona chochote ila mgongo.

Riat tukaipanda.
Naapa nilizihisi zile gramu, kila moja.
Kiboswa nikampita padri.
Gambogi nikampita karani aliyenipita mwaka jana,
nikamsalimia kwa heshima kupita kiasi.

Baada ya Majengo barabara ikainama.
Kioo kikasema arobaini na saba. Arobaini na nane.
Mbele nikasikia shimo,
nikakwepa, gurudumu likanitii kama wembe,
na macho yakarudi kwenye kioo:
arobaini na tisa.

Nyuma yangu, sauti ya sufuria iliyoanguka.

Mmbone, muuguzi wa Mbale, kalala ubavu katika nyasi,
kiwiko chekundu, la kwanza kuuliza ni baiskeli.
Rimu ya mbele imejikunja kama chapati.
Akanitazama, akasema polepole:
"Sikukusikia."

Sikukusikia.
Kana kwamba nilisema.

Nikafungua gurudumu langu la mbele. Mikono ilitetemeka
kuliko kwenye Riat. Likaingia kwake bila ubishi.
Alifunga kiwiko kwa kitambaa cha padri, akaondoka,
nami nikabaki chini ya yale mawe makubwa ya Maragoli
na baiskeli iliyopiga magoti kama mwanambuzi anyonyaye.
Watoto watatu walikuja kuitazama.
Mmoja akauliza kama niliiba au niliibiwa.
Nilifikiri sana, pikapu ya kuokota waliochoka ikafika
kabla sijapata jibu.

Alhamisi alilileta gurudumu getini mwa shule, limeoshwa,
lina mkwaruzo mmoja mwembamba kama ukucha.
Jioni nikalipima. Halikupungua kitu.
Halafu, Odundo akiwa nje, nikainamia mizani tupu
nikasema: shimo.
Mshale haukutikisika.

Siku hizi kile kioo kimelala drooni pamoja na sumaku.
Vijana wa Kondele wananicheka,
wananiita Bwana Shimo,
kwa kuwa natangaza kila kiraka, kila ufa,
na Jumapili iliyopita, karibu na Chavakali,
kwa sauti iliyowafunga breki watu arobaini,
nilitangaza kivuli cha kunguru.