Hana Mwenyewe

Bakhiti aliniambia nisimame upande wa bega,
si mbele, mbele kuna meno,
si nyuma, nyuma hakuhitaji maelezo.
Ukungu wa kharifu umeshuka juu ya Ittin
mpaka barabara ya lami haina mwanzo wala mwisho,
na manyunyu ya Dhofar, si mvua, si jasho,
yanatambaa juu ya lenzi.
Nayafuta kwa ncha ya mtandio.

Lenzi yangu ni pana, fupi, yataka ukaribu.
Kwa hatua tano mnyama ni kisoda,
kwa hatua mbili ni mlima.
Nikaenda hatua mbili. Halafu moja na nusu.
Jike, mtu mzima, manyoya yameloa
rangi ya chai ya maziwa iliyomwagika,
anacheua,
taya la chini likienda kushoto, la juu limetulia,
kama anayesikiliza uongo na hana haraka.
Pumzi yake ikagonga kioo: majani mabichi,
kitu kilichooza kidogo,
joto.
Nikapiga.
Lugha yetu nayo! Picha hupigwa.
Nilimpiga mara mia mbili na kumi na nne,
hakupepesa.

Usiku, chumba cha kupanga, Saada,
kiyoyozi kinakohoa,
Mama simuni kutoka Ibra: umekula?
Nimekula.
Sijala. Namkata ngamia.

Nilianza na kamba ya plastiki, ya buluu, shingoni.
Kisha waya wa uzio. Kisha pikapu ya Bakhiti,
nusu yake, na taa moja nyekundu.
Nzi saba pembeni mwa jicho, mmoja mmoja,
kama mtu anayechagua mchele.
Nikashusha mwanga wa nyuma hadi ukungu ukawa usiku,
nikazipandisha kope, nikanoa,
nikanoa tena,
kila unywele ukasimama sindano.
Ndani ya jicho palikuwa na mtu:
koti la mvua la njano, kichwa kisicho na uso.
Nikajifuta.
Shavuni palikuwa na kovu, mistari miwili na nukta,
ngozi isiyoota kitu. Lilivunja mteremko wa kivuli.
Nikachukua ngozi safi shingoni, nikaibandika.
Hapo akawa wa kutisha.
Nikasema peke yangu chumbani: ala!

Siku ya tatu nikapanda mlima
na karatasi nzito ndani ya mrija wa kadibodi.
Bakhiti akaitandaza juu ya boneti,
akaibana ncha kwa vidole vinavyonuka maziwa.
Akatazama.
Akamwita mwanawe Musallam, wakasemezana Kijibali,
lugha ambayo mimi huishia kwenye pumzi zake tu.
Kisha, kwa Kiarabu, kwa adabu: wa nani huyu?
Wako. Yule wa juzi.
Akapapasa shavu la karatasi
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Hana chapa, akasema. Huyu hana mwenyewe.
Musallam akacheka. Baba yake hakucheka.

Nami Kiarabu hukisikia kwa sikio,
hukielewa kwa Kiswahili;
neno likanikwama humo katikati.
Mwenyewe, mwenye mali.
Mwenyewe, yeye hasa.
Nilikuwa nimewafuta wote wawili kwa kidole kimoja.

Picha aliipokea lakini. Ataitundika sebuleni, alisema,
wageni wakiuliza atawaambia ni ngamia wa kompyuta.
Mwenyewe alikuwa nyuma yetu,
anatafuna mrija wangu wa kadibodi,
na chapa yake shavuni inapanda, inashuka.

Nimerudisha kovu.
Nimerudisha kamba, na buluu yake mbaya,
na taa ya pikapu. Jichoni kuna koti la njano
ambalo ukilikazia macho lina mikono miwili
iliyoinua kitu cheusi usoni.
Haitishi tena kama mwanzo, najua.
Nzi nimewarudisha watano.
Wale wawili wa mwisho, hapana.