Viti Viwili

Kayaki hii Krsto aliiunda sebuleni majira yote ya baridi,
kati ya kabati la vyombo na picha ya mama yake.
Miezi minne nilipika huku nikiruka mbao,
supu ikinuka gundi.
Ilipokwisha, haikupita mlangoni.
Aling'oa dirisha.

Juni tukaibeba hadi kokoto za Murići,
kama watu wawili na jeneza la mtu mrefu.
"Wewe kaa mbele," akasema, "mimi nashika usukani."
Usukani hakuna. Kuna makasia mawili
na ndoa ya miaka thelathini na moja.

Manahodha wawili, mrama ni lazima.
Kushoto! Napiga kushoto.
Kushoto kwangu!
Kushoto ni kumoja tu, Krsto.
Kasia lake linagonga langu, ko, ko,
kama jirani anayelalamikia redio.
Tulikizunguka kisiwa cha Beška mara mbili,
mara moja kwa hiari.
Mtawa aliyekuwa akimwagilia nyanya
alitua ndoo, akatutazama,
akaiinua tena.

Kisha mwambao ukatunyamazisha.
Mlima Rumija unashuka bila hodi,
miguu yake ya chokaa imezama hadi magotini,
na mitini imeota kwenye nyufa
ambazo hata mbuzi angeuliza njia.
Mnandi juu ya jabali ameanika mbawa,
shati lililosahauliwa kambani.
Chini ya maji nikaona ukuta wa shamba,
ngazi tatu, na njia
inayokwenda kwa nani sijui.

Nimeishi kilomita tisa kutoka hapa tangu nizaliwe.
Ziwa nililitazama kupitia kioo cha basi la kiwanda,
nikienda, nikirudi, kichwa kimelala,
nikadhani nalijua,
kama unavyodhani unamjua mwanamke wa dirisha la benki.
Leo liko usawa wa kiuno changu.
Linapumua.

Karibu na Ckla simu ikatetemeka ndani ya mfuko wa nailoni:
Karibu Albania.
Hatukuwa tumevuka kitu.
Si uzio, si boya. Nzi yule yule gotini pangu.
Nikacheka. Nyuma yangu kasia likakoma.

"Hapo," akasema. "Kwenye lile jabali lenye mtini.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na bunduki.
Amri: chochote kinachoogelea."

Miaka yote aliniambia jeshini alikuwa mpishi,
nami sikujiuliza mbona hajui kuchemsha yai.

"Usiku mmoja kikaja kichwa. Kichwa tu, na mkono.
Nikatazama juu. Nikahesabu nyota
mpaka nikasikia kokoto zikikanyagwa.
Sijui alikuwa nani. Alikohoa kama mtoto."

Sikugeuka.
Kwenye kayaki ukigeuka ghafla, mnazama wote.
Nilitazama mbele, kwenye maji ya kijani cha chupa,
nikarudisha mkono nyuma ya mgongo wangu, kiganja wazi,
nikangoja.
Kikaja kidole kimoja chenye maji.

Upepo ulitukuta njiani, mawimbi yakaingia,
tukateka kwa kopo la maharage,
tukabishana tena juu ya kushoto.

Nyumbani tuliiingiza kupitia dirishani,
ambalo mpaka leo hajalirudisha.
Usiku huo akasimama jikoni, akachemsha mayai.
Yote yakapasuka.
Tukala.